Msitu wa Papa Zagabe

Bukavu, Kadutu
Tarehe 6 mwezi wa tano, 2023

Ndugu yangu mpendwa Camille,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba hii ulimozaliwa. Natumaini barua itakukuta mzima, wewe na Noëlla na watoto, na kwamba baridi ya Liège imewaachilia kidogo. Huku tunasimama kwa neema ya Mungu. Maman yuko. Magoti yanamsumbua anapopanda kwenda kanisani, lakini anakula vizuri, na asubuhi ndiye wa kwanza kushika ufagio. Shemeji yako Guy anakusalimu sana. Mvua za mwaka huu zimekuwa kali, udongo umeporomoka tena upande wa chini kwa majirani, ila nyumba imeshika. Papa, Mungu amrehemu, alijua kuweka misingi.

Utashangaa kuona karatasi wakati kila wiki tunaandikiana kwenye simu. Gloire, binti wa jirani yetu, anakuja huko kwa masomo, nikaona nimpe mkononi. Kuna mambo ambayo kwenye simu yanakatwa katikati na mtandao, halafu mtu anabaki na nusu ya neno. Hili nataka ulipate zima. Ulisome ukiwa umekaa, watoto wakiwa shuleni.

Uliniomba nikuchagulie msitu. Ulisema mnakuja mwezi wa saba, na kwamba mkubwa wenu Merveille hataki kusikia habari ya ziwa wala ya shangazi zake. Anataka kuingia msituni, msitu wa kweli, ule wa koko yake Zagabe, Papa wetu. Uliniambia umewasimulia watoto wako hadithi zote za Papa, na kwamba mdogo anazijua kiasi cha kukusahihisha ukikosea. Nilifurahi sana niliposoma maneno hayo. Nilidhani ni sisi wawili tu tuliobaki nazo.

Unakumbuka tulivyokuwa tunakaa? Umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika karibu kila jioni, Papa alikuwa anavuta kile kiti chake cha mbao hadi mlangoni. Koko, mama yake, alikaa kwenye mkeka na tumbako yake. Wewe ulikuwa mdogo, ulikaa juu ya mguu mzuri wa Koko, ule ambao haukuwa na uvimbe. Mimi niliegemea ukuta. Maman alikuwa upande wa jiko, ametupa mgongo, akichambua maharage au kutwanga majani ya sombe polepole ili kinu kisizidi sauti ya Papa. Ndipo Papa anaanza: siku alipovuka mto Ulindi juu ya daraja la kamba za msituni, kapu la uyoga kichwani, daraja likiyumba kama machela, na tumbili akamnyang'anya kofia katikati ya mto. Au siku walipokinga maji ya kijito kwa udongo na majani ya ndizi, wakayachota hadi chini kukabaki samaki tu, wakiruka kwenye tope, wakawaokota kwa vikapu. Au ile ya viwavi, namna walivyodondoka kutoka kwenye miti mikubwa hata ukidhani mvua imeanza, na watoto wote wa kijiji wakatoka mbio na masufuria.

Koko ndiye aliyecheka kuliko sote. Alikuwa mwanamke mgumu, unamkumbuka, hakuna aliyesikia sifa kutoka kinywani mwake, lakini kwa hadithi ya tumbili alikuwa anajifuta machozi na kitenge. Alikuwa anaomba irudiwe. Na Papa, katikati ya kusimulia, mara nyingine alikuwa anasimama na kutazama upande wa jiko, kama mtu aliyepoteza njia, halafu anasema hapana, nimekosea, mto ulikuwa upande wa kushoto. Sikuwahi kujiuliza kwa nini alitazama huko. Niliona ni mtu anayeulizia chakula.

Basi nilichukua kazi uliyonipa kwa moyo wote. Nilianza na palipo karibu. Guy na mimi tulipanda taksi hadi Miti, na kutoka hapo pikipiki hadi mlangoni mwa hifadhi ya Kahuzi. Camille, ni kuzuri. Mianzi imejaa ukungu asubuhi, kuna baridi ya kuvaa sweta, na walinzi wanawapeleka watu kuangalia sokwe wakubwa wakila majani bila haraka. Nilimwona mama mmoja na mtoto mgongoni. Nilimwambia Guy hapa panafaa: barabara ipo, Noëlla hatachoka, na jioni mnarudi kulala nyumbani. Lakini tukiwa njiani kurudi, nikinunua karoti pale Miti, nilihisi kuna kitu kimepungua. Ulikuwa msitu wa milima. Haukuwa na Ulindi. Haukuwa na lile joto ambalo Papa alisema linakukumbatia kama mtu aliyekukosa siku nyingi.

Binamu yetu Floribert, ambaye siku hizi anafanya biashara ya mchele upande wa Mwenga, akanishauri Itombwe. Alisema kule ni msitu ambao mtu anaweza kutembea wiki nzima asione paa la nyumba, na kwamba anao marafiki wa kutupokea. Jioni nilimweleza Maman hayo yote tukiwa mezani. Alisikiliza akinyofoa miiba ya samaki. Halafu akasema, bila kuinua macho, kwamba si huko. Nikamuuliza si huko vipi. Akasema miti ya Itombwe si ile ya viwavi vya papa yenu. Akaondoka na sahani.

Nilibaki nimekaa. Maman, mtoto aliyelelewa na masista, mwanamke wa kushona na kupiga pasi, ambaye sisi tuliambiwa ni yatima wa upande wa Nyangezi, alijuaje miti ya viwavi?

Sikumuuliza siku ile. Nilienda kwanza kwa tonton Jacques, rafiki wa Papa, kule Panzi. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa anapokezana usukani wa lori na Papa miaka ile walipokuwa wakipeleka chumvi na vitambaa Shabunda na kurudi na mafuta ya mawese, barabara ilipokuwa bado barabara. Amezeeka sana, haoni vizuri, lakini kichwa ni kile kile. Nilimwambia tunatafuta msitu wa Papa. Tulitaka atuambie ni kijiji gani alichokaa, wapi alivukia Ulindi, nani bado yuko anayemkumbuka. Tonton Jacques akaanza kucheka hadi mkewe akatoka kuangalia kuna nini.

“Zagabe?” aliniambia. “Zagabe alikuwa anaogopa msitu hata wa kwenye picha. Hakulalaka mu pori hata siku moja. Alikuwa anafunga vioo vya kamio, joto yote ile, analala ndani. Akienda kujisaidia, miye ndiye nilikuwa nasimama karibu na torshi.”

Nikamuuliza na daraja? Na kijito cha samaki? Akasema kukinga kijito ni kazi ya wanawake na wasichana, mwanaume hashiki kapu lile. Nilimwambia basi Papa alitudanganya utoto wetu wote. Hapo aliacha kucheka. Alinishika mkono akasema hapana, asiwepo mtu wa kusema neno hilo juu ya Zagabe mbele yake. Alisema kuna jambo moja tu analoweza kunipa: kwamba kila soko waliposimama, kutoka Burhale hadi mwisho wa barabara, Papa alikuwa anashuka na kuulizia jina la mwanamke mmoja. Miaka miwili aliuliza. “Ile ingine,” akasema, “ukaulize maman yenu. Haiko ya kwangu.”

Nilirudi kwa miguu kutoka Panzi, njia yote ile, kwa sababu sikutaka kufika haraka. Nilikuwa na woga. Unajua mtu akisikia baba yake aliulizia mwanamke sokoni, anafikiri nini.

Jumapili baada ya misa nilimkuta Maman nyuma ya nyumba, anaanika nguo. Nilichukua upande mmoja wa shuka, yeye akashika mwingine, tukalikamua pamoja. Nilimwambia nimetoka kwa tonton Jacques na kwamba Papa hakuvuka Ulindi. Alitandaza shuka kwenye kamba, akalinyoosha pembe zote, akachukua muda wake. Halafu akasema hivi, na ninakuandikia maneno yake kama yalivyo:

“Ni miye nilivukaka. Na ile maji haikukuwa ndogo vile. Zagabe aliipunguzaka kila siku, nikimusahihisha anasahau.”

Camille, mama yetu ni wa Shabunda. Ni Murega, mtoto wa kijiji kilicho ng'ambo ya Ulindi. Jina alilopewa na baba yake ni Wabiwa. Mimi nimeishi karibu miaka hamsini na sikulijua jina la mama yangu.

Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma hadi jua likahama. Alinisimulia kwamba wakati wa maasi, miaka ya sitini, alikuwa msichana mdogo bado. Watu walikimbia kijiji. Yeye na dada yake mkubwa, Mwayuma, walifika kwenye daraja la kamba katikati ya kundi la watu. Mwayuma alimsukuma atangulie kwa kuwa alikuwa mwepesi. Alivuka. Hapakuwa na kapu la uyoga, na hapakuwa na tumbili. Alipogeuka, wanaume waliokuwa wa mwisho kuvuka walikuwa wanakata kamba ili wanaowafukuza wasiwafuate, na Mwayuma alikuwa bado ng'ambo, amesimama, mkono mmoja juu ya kichwa. Hakulia, alisema Maman. Alimwonyesha tu kwa mkono aende. Wiki nyingi baadaye masista wa misheni moja walimchukua pamoja na watoto wengine hadi Bukavu, wakamfundisha kushona.

Papa alimpenda alipokwenda kwa masista kushonesha kaptula ya kazi. Koko hakutaka. Alisema watu wa msituni hatuwajui, ukoo wao hatuujui, watatucheka huko kwetu Kabare. Mwishowe alikubali kwa sharti: bibi huyu ataingia kama mtoto wa masista, na habari za mwituni hatazisema ndani ya nyumba wala kwa watoto watakaozaliwa. Maman alikubali. Aliniambia hakuona ni bei kubwa wakati ule, alikuwa na miaka ishirini na hakuwa na mtu duniani.

Lakini nilipozaliwa, alisema, lile sharti lilianza kumkaba. Alikuwa anataka kuniimbia na nyimbo zote alizokuwa nazo zilikuwa za Kirega. Alikuwa anafunga mdomo na kunibembeleza kimya. Papa aliliona hilo. Siku moja alimwambia: habari zako nipe miye, mama hajanikataza kitu. Ndivyo walivyofanya. Maman alikuwa anamsimulia chumbani, taratibu, na Papa, yule mtu aliyeogopa majani, alikuwa anatoka kuvuta kiti mlangoni na kutuambia kwamba yeye ndiye aliyeokota viwavi. Tumbili na kofia alivibuni mwenyewe. Kile kipande cha daraja Maman hakuweza kukisimulia hadi mwisho bila kulia, kwa hiyo Papa alitia tumbili hapo, watoto wacheke, na yeye kule jikoni apate kupumua.

Nilimuuliza kama hakuumia kusikia maisha yake kwa kinywa cha mtu mwingine. Alifikiri. Alisema mara nyingine aliudhika, hasa Papa alipofupisha. Lakini zaidi alikuwa anasubiri umeme ukatike.

Na yule mwanamke wa sokoni, umeshafahamu. Papa aliomba mwenyewe kupangiwa njia ya Shabunda, njia ambayo madereva wengine waliikimbia. Mwaka wa pili alimpata Mwayuma akiuza mafuta ya mawese kando ya barabara, ameolewa, ana watoto. Tangu hapo kila safari alimpelekea chumvi na kitenge, na alirudi na salamu, uyoga uliokaushwa, mara moja hata mkufu wa mbegu. Walikuwa wanangoja Koko alainike kidogo ili Maman aende kumwona dada yake. Halafu mvua zikala barabara na hakuna aliyeitengeneza. Halafu vita. Halafu miaka. Maman alijiambia Mwayuma amekufa, maana ni rahisi zaidi kumwombea marehemu kuliko kumwombea mtu usiyejua yuko wapi.

Juu ya Koko nataka nikuambie jambo moja, usimchukie. Maman anasema Koko alijua. Mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hatoki kitandani na Papa akiwa safarini, alimwita Maman akamwambia aketi, akamwomba ile habari ya kijito cha samaki. Maman akajibu hiyo ni ya Zagabe, atarudi kesho. Koko akasema Zagabe anaisimulia vibaya. Basi Maman akaisimulia, kwa mdomo wake, mara ya kwanza ndani ya nyumba ile, na Koko akamshika kidole gumba mpaka akalala. Hawakulizungumza tena.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue karatasi.

Pale karibu na soko la Kadutu kuna nyumba ya foni, ile redio ya zamani ya kubonyeza na kuachia, ambayo wafanyabiashara wa Shabunda wanatumia kuulizia mizigo kwenye vijiji visivyo na mtandao. Nilimwomba mwenye foni aulize kama kuna Mwayuma, dada ya Wabiwa. Sikumwambia Maman. Siku kadhaa zikapita, nikawa nimeshaanza kukata tamaa. Ijumaa iliyopita mwenye foni alikuja mwenyewe hapa nyumbani, anahema. Alisema kuna mama mzee ameletwa kwa pikipiki hadi kwenye foni ya kule, anangoja, na amekataa kuondoka.

Camille, ningependa ungemwona Maman akishuka kile kilima. Yale magoti sijui aliyaacha wapi. Alivaa kandambili, hakubadilisha hata kitenge cha jikoni. Mle ndani mlijaa wanaume na magunia yao, wakampisha. Mwenye foni alimweka kifaa mkononi na kumweleza: ukimaliza neno sema à vous, yaani zamu yenu, uachie. Maman akabonyeza, kisha akaachia. Kule kulikuwa na mlio tu, kama mafuta yanayokaanga. Kisha sauti nyembamba ikatoka, ya mwanamke mzee, ikasema neno moja, na Maman akajibu.

Alijibu kwa Kirega. Sijawahi kusikia mama yangu akisema lugha hiyo. Sauti yake ilikuwa nyingine, ya juu, ya haraka, ya msichana anayemlalamikia mkubwa wake. Alisahau kuachia, mwenye foni akawa anamtoa kidole taratibu kila mara, na kila alipokitoa, Mwayuma alikuwa tayari anaendelea, kama watu walioachana jana sokoni. Sikuelewa neno. Nililia tu pamoja na wale wanaume wa magunia, ambao walielewa.

Mwishoni nilisikia Mwayuma akiuliza kitu, na katikati yake jina, Wakenge. Sauti ikauliza tena: Wakenge? Maman akanigeukia, uso umelowa, nikamuuliza Wakenge ni nani. Akasema: “Ni Camille.”

Nikakaa juu ya gunia la mtu. Ulipozaliwa, Papa alikuwa njiani. Maman alikuita kwa siri jina la baba yake, na Papa aliporudi alilikubali, ila halikuandikwa popote kwa sababu ya lile sharti. Safari iliyofuata alimfikishia Mwayuma: mtoto wa kiume amepatikana, anaitwa Wakenge. Mama mkubwa amelishika jina hilo miaka arobaini. Kule, ndugu yangu, hakuna anayemjua Camille. Alipojibiwa kwamba Wakenge ni mzima, ana mke na watoto wawili, na anakuja mwezi wa saba, alilirudia jina hilo mara mbili. Kisha Mwayuma akasema, na Maman akanitafsiria, kwamba atakuwa uwanjani ndege ikitua.

Kwa hiyo nimechagua. Tutapanda ndege ndogo Kavumu hadi Shabunda, na kutoka hapo pikipiki na miguu. Nimeulizia usalama kwa watu wengi wanaotoka huko. Wanasema upande ule umetulia msimu huu, na nitauliza tena hadi siku ya kuondoka. Mwambie Noëlla ukweli, kwamba si safari ya starehe, hakuna hoteli, na mvua inanyesha hata kiangazi. Akiogopa kwa ajili ya watoto, nitawapeleka yeye na wao Kahuzi, hatutamlaumu. Daktari wa Maman hakufurahi. Maman alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akamwomba dawa za miezi mitatu, siyo za mwezi mmoja. Nilipomuuliza njiani kwa nini mitatu, alisema hajamwambia mtu kwamba atarudi na sisi.

Sijui nitafanya nini na jibu hilo. Nimemzoea asubuhi na ufagio wake. Labda wewe utajua la kumwambia, labda hakuna la kumwambia.

Wasalimie Noëlla na mdogo, na Merveille umbusu mashavu yote mawili. Guy anasema ukumbuke kumletea zile betri za torshi. Maman amekaa hapa karibu, anashona mifuko ya pikipiki, na ameniamuru niandike salamu zake kwa jina lake, siyo maman tu: Wabiwa anakusalimu. Mungu awatunze njiani, na atufikishe sote ng'ambo ya ule mto.

Kaa salama, Wakenge.

Ni mimi, dada yako,
Eulalie